Redio gani ununue Unguja na Pemba: kutoka ya kwanza hadi ya mwisho

Anayekwenda Darajani au Chake Chake kutafuta redio hukuta meza imejaa visanduku vya kumeta: taa za rangi, tundu la fleshi, bluutuu, na sauti ya kutikisa vioo vya duka. Muuzaji huwasha wimbo ulio kwenye memori na mnunuzi akaridhika. Hapo kilichojaribiwa ni spika tu. Redio hupimwa kwa stesheni dhaifu, sauti ya mtu anayesoma habari, na umeme ukiwa umekatika. Kwa kipimo hicho ndivyo tulivyozipanga hizi.

Ya kwanza: redio ya mawe makubwa

Ni ile ya FM na AM (masafa ya kati), nyengine zina na masafa mafupi (SW), yenye mkono wa kubebea, sindano inayotembea juu ya namba, na nafasi ya mawe makubwa ya R20. Pia huwa na tundu la kuchomekea umeme. Haina urembo, na kwa nyumba nyingi za visiwani hakuna inayoishinda.

Sababu kubwa ni umeme. Wetu unatoka bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari. Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Waya ukipata hitilafu, kisiwa kizima kinangoja. Unguja ilikaa bila umeme kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, kisha ikarudi gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Siku kama hizo, kitu kinachotaka chaja kila jioni kinageuka pambo la kabati, na ndizo siku ambazo mtu anahitaji zaidi habari na matangazo ya vifo.

Jiwe moja kubwa la alkalini lina nguvu takriban mara tano ya jiwe dogo la AA. Kabla ya kulipa, fanya hesabu hii: bei ya mawe ya kujaza redio mara moja, zidisha kwa mara utakazobadilisha kwa mwaka, jumlisha na bei ya redio yenyewe. Redio ya bei ndogo inayomaliza mawe kila wiki huwa ghali kuliko ile iliyokutisha kwa bei.

Nenda dukani na mawe yako mapya, usitegemee ya muuzaji. Kwanza fungua kifuniko na utazame springi. Ziwe zinang'aa. Ukiona kijani au unga mweupe, redio hiyo imeshavujiwa au imekaa na hewa ya bahari kwa muda mrefu, iache. Tia mawe, washa, uzungushe sauti polepole kutoka chini hadi juu. Ikikwaruza mahali pamoja kila unapopita, kipande kinachopandisha sauti kimechakaa au kina vumbi, na hakitapona kwa kukaa. Vuta antena yote, izungushe kwenye shina lake: ikikatakata, skrubu ya ndani imelegea au waya haukulehemiwa vizuri. Piga ubavu wa redio kwa kiganja, taratibu. Redio nzima haishituki.

Kisha mtihani wenyewe. Tafuta stesheni yenye nguvu, halafu ile dhaifu iliyo jirani nayo kwenye namba. Redio mbovu itaimeza dhaifu, na yenye nguvu utaisikia mahali pawili au patatu. Kwetu jambo hili lina uzito wake kwa sababu bahari haizuii mawimbi ya FM: Unguja zinaingia stesheni za Dar es Salaam, Pemba zinaingia za Tanga na Mombasa, na zote zinabanana baina ya megahezi 87.5 na 108. Mwisho, weka stesheni ya mazungumzo, si muziki, upandishe sauti hadi robo tatu. Maneno yenye "s" na "sh" yasikike bila kuchuna sikio. Spika inayovuma besi huficha maneno, na mzee anayefuatilia matangazo ya vifo anataka jina la marehemu, mtaa na saa ya maziko. Besi haimsaidii kitu.

Kinachoziua redio hizi ni mawe. Usichanganye jiwe jipya na la zamani: jipya hulisukuma umeme kinyume lile lililochoka, likavimba na kuvuja. Redio isiyotumika wiki mbili itolewe mawe. Mawe ya alkalini yakivuja huacha ukoko mweupe. Paka siki au maji ya ndimu kidogo kwa pamba ya sikio, acha dakika moja, futa kwa spiriti, kausha, kisha sugua springi kwa msasa laini mpaka zirudi kung'aa. Na sauti ikipasuka unapoipandisha lakini ikatulia unapoishusha, usikimbilie kwa fundi. Mawe yamechoka.

Ukitaka kuiendesha kwa adapta ya nje, soma vitu viwili vilivyoandikwa karibu na tundu: idadi ya volti, na alama ya kuonesha kama katikati ni chanya au hasi. Adapta ya volti 6 kwenye redio ya volti 3 inaweza kuiunguza, na kosa hili halirudishiwi pesa.

Ya pili: redio ndogo ya dijitali

Hii ni ya mvuvi, msafiri, na anayependa kutafuta stesheni za mbali usiku. Tecsun PL-310ET hutumia mawe matatu ya AA na inakamata FM, masafa ya kati na masafa mafupi. PL-330 ya kampuni hiyohiyo hutumia betri ya BL-5C, ile iliyokuwa ya simu ndogo za Nokia, na XHDATA D-808 hutumia betri nene ya 18650. Tunapendelea ya AA kwa anayeishi shamba, kwa sababu mawe hayo yapo hata kwenye duka la kijijini linalouza viberiti na sabuni.

Masafa mafupi si kama zamani, wakati Sauti ya Tanzania Zanzibar ikijulikana ulimwenguni kwa kilohezi 11735 kutoka Dole. Idhaa za Kiswahili za BBC, iliyoanza 1957, na Deutsche Welle, iliyoanza 1963, wengi sasa wanazipata kupitia stesheni za FM zinazojiunga nazo na kwenye intaneti. Kwa hiyo usilipe pesa ya ziada kwa ajili ya masafa mafupi isipokuwa unayapenda kweli. Ukiyapenda, chukua waya mwembamba wa mita 5 hadi 7, ubane kwenye antena na uutoe dirishani. Uondoe kila ngurumo za masika zinapoanza.

Kwenye masafa ya kati, hakikisha redio imewekwa hatua ya kilohezi 9. Ikiwa kwenye 10, kama za Marekani, stesheni ya 585 itakuwa baina ya 580 na 590 na hutaipata sawasawa. Antena ya kuvuta haisaidii chochote hapa; antena ya masafa ya kati imo ndani, kwa hiyo geuza redio nzima taratibu mpaka sauti isafike. Na ikiwa inanguruma mfululizo, zima taa za LED na chomoa chaja za simu moja moja. Utamjua mkosaji.

Baharini itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika. Sauti hupita vizuri, chumvi haipiti.

Ya tatu: kiredio cha memori

Wengi hukinunua kama redio, nasi tunakishauri kama chombo cha kusikilizia vilivyorekodiwa: Qur'ani, mawaidha, taarabu, podikasti. FM yake ni ya kawaida. Memori nunua ya GB 32, kwa sababu vingi vinakataa kubwa zaidi, na uiandae kwa mfumo wa FAT32. Mafaili yawe MP3. Podikasti iliyohifadhiwa kwa M4A mara nyingi haitasomwa, ukadhani memori ni mbovu. Mazungumzo ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua MB 29 hivi kwa saa, hivyo memori hiyo inabeba zaidi ya saa 1,000. Chagua chenye betri ya kutoa. Kile ambacho betri yake imelehemiwa ndani maisha yake ni maisha ya betri.

Ya nne: simu

Kwa podikasti simu haina mpinzani. Pakua kwenye Wi-Fi usiku, usikilize kwenye daladala bila bando. Kipindi cha nusu saa cha kilobiti 128 ni karibu MB 29; kwa 64 ni nusu yake.

Kwa redio ya papo kwa papo simu ina kasoro ambayo watu huigundua Ramadhani. Matangazo ya intaneti huchelewa, mara nyingi sekunde 20, 30 au zaidi. Kufuturu kwa adhana iliyochelewa hakuna madhara, lakini anayekula daku akisubiri adhana ya alfajiri kwenye simu ataendelea kutafuna wakati msikiti wa jirani umeshaadhini. Mpira nao ni hivyohivyo: goli la Amaan au Gombani utalisikia kwanza kwa kelele za barazani. Ikiwa simu yako ina FM ya kweli, hiyo haichelewi, ila nyingi zinataka waya wa hedifoni uchomekwe kwa sababu ndio antena.

Ya mwisho: spika ya bluutuu yenye FM

Kwa muziki wa sherehe ni nzuri. Kwa redio, nyingi hazina antena hata moja. Zinatumia waya wa chaja. Ukiuchomoa stesheni inapotea, ukiuchomeka chaja inaingiza mngurumo.

Zilizotumika

Kuna redio bora sana miongoni mwa zilizotumika, lakini geuza usome mgongoni. Za Japani nyingi FM yake ni megahezi 76 hadi 90, kwa hiyo sehemu kubwa ya stesheni zetu hutazisikia, na umeme wake ni volti 100: ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 zetu itatoa moshi. Za Uingereza umeme wake unafaa, hata plagi ni ileile ya pini tatu bapa, lakini kama imeandikwa DAB (matangazo ya redio ya dijitali) peke yake bila FM, iache, kwani stesheni zetu tunazipata kwa FM.

Yoyote utakayochagua, muombe muuzaji akuandikie kwenye risiti siku tatu za kujaribu nyumbani. FM husafiri kwa mstari ulionyooka: inayoingia safi Mlandege inaweza kukwaruza bondeni baina ya vilima vya Pemba. Ukifika, vuta antena hadi sentimita 75 hivi, jaribu dirishani, kisha ukumbini, kisha jikoni, kabla hujaitupa boksi.