Stabilizateri ya VA 2000: miezi minne jikoni, Bukavu

Stabilizateri hii, kifaa cha kusawazisha volti chenye uwezo wa kubeba mzigo wa VA (voltiampea) 2000, niliinunua kwa dola 55 katika duka moja la vifaa vya umeme upande wa Nyawera, baada ya friji yetu kuanza kunguruma kila jioni bila kushika kazi.

Si kila kupanda na kushuka kwa volti ni ugonjwa. Umeme wa nyumbani hapa kwetu huhesabiwa kuwa volti 220, na kipimo cha kimataifa, ambacho sasa ni 230, huvumilia asilimia 10 juu au chini, yaani kuanzia 207 hadi 253. Nilipima kwenye prizi ya jikoni kwa wiki nzima: alfajiri nilipata 228, saa sita mchana 219, na kuanzia saa moja jioni, wakati mtaa mzima umewasha majiko ya umeme na pasi, 171. Muuzaji anayekutisha kwa hiyo 228 anatafuta pesa yako tu. Ile ya jioni ndiyo huua friji, kwa sababu kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya friji, ikikosa nguvu ya kuanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa na waya zake za ndani huungua polepole.

Ndani ya kifaa hiki mna transfoma yenye njia kadhaa za kutolea volti tofauti, na relei, yaani swichi zinazojiendesha kwa umeme, huchagua njia inayofaa kwa mlio mdogo, ta!, ambao usiku husikika hadi chumbani. Kwa kuwa hupandisha volti kwa ngazi, 171 ikiingia hutoka 209, ambayo friji inaipokea bila taabu. Kinachoniudhi ni kioo chake, kwani mita yangu inaposoma 209, chenyewe kinaonyesha 220, na hakijawahi kuonyesha kitu kingine.

Umeme ukirudi baada ya delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, stabilizateri hungoja sekunde 180 kabla ya kuupeleka kwenye friji, ili mgandamizo wa gesi katika kompresa utulie. Mama mkwe aliizima na kuiwasha mara tatu akidhani imekufa, na kila mara hesabu ikaanza upya.

VA 2000 zilizoandikwa ubavuni ni za wakati volti zinazoingia ni nzuri. Zikishuka, uwezo nao hupungua. Nilijaribu kuongeza pasi juu ya friji jioni moja, relei zikagongagonga na bati la juu likapata joto la kutisha. Pasi yenyewe haihitaji ulinzi huo: kwa volti 171 hupata takriban asilimia 60 ya nguvu yake, hivyo huchelewa tu kupata moto.

Kwa friji na televisheni ninaipendekeza. Ukienda kununua, beba mita yako, uombe ichomekwe mbele yako, upime kwenye tundu la kutolea umeme, wala usikisome kile kioo.