Choo cha paka kinachojisafisha: nani anunue, nani abaki na beseni

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Kama una paka mmoja au wawili na unalala nyumbani kila siku, choo kinachojisafisha chenyewe hakilingani na pesa yake. Beseni pana, mchanga mzuri na koleo dogo la matundu vinakutosha. Mashine inaanza kuleta maana kwa watu wa aina tatu: wenye paka watatu au zaidi ndani ya fleti, wanaofanya kazi za zamu zinazowafanya wakeshe nje, na wale ambao mgongo, magoti au mikono haiwaruhusu kuinama na kuchota kila siku. Hao nawaambia wajipange wanunue, ila wachague kwa makini, kwa sababu zipo mashine zinazoweza kuua paka.

Nazungumza zaidi na wakaaji wa fleti, iwe Kilimani ya Nairobi au Upanga ya Dar es Salaam. Mwenye ua wa udongo hana haja kubwa ya mambo haya. Paka wake ataparura, atafukia, yataisha. Ndugu walioko Marekani na Ulaya nao hesabu yao ni tofauti kidogo: mchanga wa paka uko kila duka kubwa, umeme haukatiki ovyo, na mashine ikiharibika kuna pa kuirudisha. Huku kwetu mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya mashine. Inafanya jambo moja: inatenga mabonge ya mkojo na kinyesi na mchanga uliobaki safi, kisha inayadondosha kwenye droo yenye mfuko. Kumwaga hiyo droo ni kazi yako. Kuongeza mchanga ni kazi yako. Kuosha pipa, kufuta sensa (kihisi kinachomtambua paka), kukwangua udongo ulioganda kwenye kona, yote yako. Na harufu ya dume asiyehasiwa haiondolewi na mashine yoyote. Mkojo wake una ukali wa namna yake, na mara nyingi anaurusha ukutani, si chooni. Kama dume wako hajahasiwa, pesa ya kwanza mpelekee daktari wa mifugo. Hakuna kifaa kwenye orodha hii kitakachokupunguzia harufu kwa kiasi hicho.

Jambo la pili ni mchanga. Karibu mashine zote za pipa, yaani zile zinazochuja mchanga kwa kuzungusha pipa, zinakufunga kwenye mchanga unaoganda, ule wa udongo wa bentonaiti unaofanya bonge ukiguswa na mkojo. Kabla ya mwaka 1947, Ed Lowe wa Michigan alipoanza kuuza udongo mkavu kwa wafuga paka, Wamarekani walitumia majivu, mchanga wa kawaida na vumbi la mbao, vitu ambavyo wengi wetu tunavitumia hadi leo. Mchanga unaoganda ulikuja baadaye sana, miaka ya 1980. Mashine imetengenezwa kwa ajili ya huo tu. Ukiitilia mchanga wa ujenzi, mkojo utashuka hadi chini na kugeuka tope. Ukiitilia maranda, yatabaki juu ya chujio na kutupwa yote kwenye droo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza bei ya mfuko wa mchanga dukani kwako, na uliza kama unapatikana mwaka mzima.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

1. Beseni kubwa lililo wazi

Vyoo vingi vya paka vinavyouzwa madukani ni vidogo mno. Kipimo kizuri ni urefu wa mara moja na nusu ya paka wako, kutoka puani hadi mkia unapoanzia. Beseni la kufulia la plastiki, lile la mstatili, mara nyingi linafaa kuliko choo chenye kifuniko na picha ya paka ubavuni. Weka mchanga wa kina cha sentimita 5 hivi, chota asubuhi na jioni. Paka wakiwa wawili, mabeseni yawe matatu, na yasikae yote kwenye kona moja, la sivyo paka mbabe atazuia mlango na mwenzake ataenda kumalizia kwenye zulia.

Kwa kuosha, sabuni ya kawaida na maji ya moto. Dawa yenye klorini usiimwage juu ya mkojo, maana ikikutana na amonia hutoa mvuke wa sumu. Na zile dawa za fenoli zinazogeuka nyeupe ukizitia majini ziweke mbali kabisa na choo cha paka: ini la paka halina uwezo wa kuzivunja, naye hujilamba miguu mara tu anapotoka humo.

2. Beseni la chekecheo

Hili watu wanalipuuza, nami nalipenda sana. Ni mabeseni mawili yanayopandana, la juu lina matundu. Humo unatia tembe za mbao zilizoshindiliwa. Zikilowa mkojo zinavunjika kuwa unga. Unatikisa, unga unashuka chini, tembe nzima zinabaki juu, kinyesi unakichota kwa koleo. Hakuna umeme, hakuna mota, na fundi yeyote mwenye drili anaweza kukutobolea beseni la kawaida. Kama tembe hazipatikani mtaani kwako, maranda yanayotandikwa kwenye banda la vifaranga yanasaidia, ingawa hayashuki kwenye matundu na yatakubidi uyabadilishe mara kwa mara. Hakikisha hayatoki kwenye mbao zilizotiwa dawa ya mchwa.

Jamii moja na hili ni choo cha kubiringisha kwa mkono, kama Omega Paw: unakipindua, mabonge yanaingia kwenye trei ndogo, unavuta trei na kumwaga. Kwa mtu mwenye magoti mabovu lakini mikono mizima, hiki ndicho cha kujaribu kabla hajaenda kwenye umeme.

3. Mashine ya pipa yenye mdomo wazi

Kama kweli unahitaji mashine, anzia hapa. Inayojulikana zaidi ni Litter-Robot ya kampuni ya Whisker ya Marekani. Toleo la nne lilitoka mwaka 2022 na kwao limekuwa likiuzwa takribani dola 700. Ongezea usafiri, ushuru na VAT, 16% Kenya au 18% Tanzania Bara, na utaona kwa nini sikuiweka juu. Inavyofanya kazi: paka akishatoka, mashine inasubiri, kwa kawaida dakika 7, halafu pipa linazunguka taratibu kama lile la kuchanganyia zege, mchanga unapita kwenye chujio na mabonge yanaangukia droo. Uzito wa paka unapimwa na sensa, na kitu kikikaribia mdomo pipa linasimama. Paka mwenye chini ya kilo 1.4 mashine haimtambui kwa uhakika, kwa hiyo ukiwa na mtoto wa paka izime na uizungushe mwenyewe kwa kitufe ukiwa umesimama hapo.

Adapta iangalie kabla ya kuchomeka. Ikiwa imeandikwa 100–240V, sawa, unahitaji plagi ya kubadilisha tu. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, umeme wetu utaichoma papo hapo. Na kama unafikiria kuilinda dhidi ya kukatika kwa umeme kwa betri ndogo ya ruta ya intaneti, soma namba: nyingi hutoa volti 9 au 12, na Litter-Robot inataka 15. Umeme ukikatika pipa likiwa katikati ya mzunguko, paka atakuta mdomo umeelekea kusiko, kwa hiyo beseni la akiba lisiondoke nyumbani.

4. Reki na kristali

PetSafe ScoopFree ndiyo mfano wake. Ni trei tambarare yenye kristali za silika zinazofyonza mkojo, na reki inayopita dakika 20 baada ya paka kutoka na kusukumia kinyesi pembeni. Ni kimya, ni nyepesi, na paka waoga wanaizoea haraka kuliko pipa. Tatizo ni trei zake za kutupa: biashara yote iko hapo. Ukikosa za kubadilisha, una reki ya umeme isiyo na kazi.

5. Inayounganishwa na bomba

CatGenie inaosha chembe zake kwa maji na dawa, inasaga kinyesi na kukipeleka kwenye mfereji wa maji machafu. Nyumba yenye maji saa 24 na mwenye nyumba asiyegombana, labda. Maji yakiwa ya mgao, usiiguse.

Usinunue kabisa: pipa la bei rahisi lisilo na jina

Mtandaoni zimejaa, kila wiki na chapa mpya, picha zilezile. Hatari iko kwenye umbo. Katika baadhi yake, pipa la ndani linazunguka nyuma ya ganda lisilotembea, na mdomo unafunga kama mkasi. Paka akiingiza kichwa wakati huo na sensa ikakosea, ananaswa shingo. Paka wamekufa hivyo. Kabla ya kulipa, iwashe mbele ya muuzaji, anzisha mzunguko, kisha ingiza mwanasesere wa kitambaa mdomoni na uone. Isiposimama mara moja na kurudi nyuma, ondoka. Akikataa kuijaribu, ondoka pia.

Mambo mawili ya afya

Nyumba yenye mjamzito watu huambiwa mashine inaondoa hatari ya toksoplazma, kimelea cha kinyesi cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Si kweli hivyo. Vimelea vinavyotoka na kinyesi vinahitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza, ndiyo maana kuchota kila siku kunalinda. Droo ya mashine inahifadhi kinyesi hata wiki nzima, kwa hiyo anayeimwaga anashika kile hasa kilichokwisha kukomaa. Mjamzito asiiguse; mwingine aimwage, kwa glavu.

La pili linahusu madume. Njia yao ya mkojo ni nyembamba na huziba. Mwenye beseni ataona asubuhi: hakuna bonge hata moja, au vibonge vidogo vidogo. Mwenye mashine haoni kitu, kila kitu kimo drooni. Mashine zenye programu ya simu huhesabu mara paka alizoingia, na hesabu hiyo ina thamani kuliko mengi yanayotangazwa kwenye boksi, mradi uifungue kila siku. Dume anayeingia na kutoka, anajikamua, analia na hapati hata tone, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, usiku ukiwa usiku. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa.

Ukishanunua

Usiondoe beseni la zamani. Weka mashine kando yake ikiwa imezimwa, tia humo mchanga kidogo alioutumia, mwache ainuse kwa siku kadhaa. Akianza kuingia mwenyewe, iwashe akiwa chumba kingine asikie mlio kwa mbali. Paka mzee au aliyewahi kushtuliwa anaweza kukataa moja kwa moja, na hapo usimlazimishe. Ndiyo maana, dukani au kwa mtu binafsi, ulizia muda wa kurudisha kabla ya kuulizia punguzo, na boksi lake usilitupe mpaka uone mabonge ndani ya droo.