Filamu Nane za Uingereza Zenye Mfuko Mwembamba, na Namna ya Kuzitazama

Filamu huru ya Uingereza mara nyingi huitambua kabla haijaanza: nembo ya BBC Film au ya Film4, vitengo vya filamu vya runinga za BBC na Channel 4, au ya BFI, taasisi inayogawa fedha za bahati nasibu ya taifa kwa watengenezaji, kisha majina ya kampuni tatu nne ndogo ambazo hujawahi kuzisikia. Fedha ni za kuchangishwa, siku za kupiga picha ni za kuhesabu. Kati ya nane hizi, za 2019 hadi 2024, zilizosimama imara ni zile ambazo uhaba haukufichwa bali ulipewa kazi.

Bait (2019) ya Mark Jenkin inaonyesha jambo hilo kuliko zote. Martin ni mvuvi wa Cornwall, pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, asiye na mashua. Ndugu yake ameigeuza mashua ya baba yao kuwa ya kutembeza watalii, na nyumba waliyokulia imeuzwa kwa familia ya London inayokuja likizo tu. Imepigwa kwa Bolex, kamera ya filamu ya milimita 16 inayojazwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani ya zamani. Ukiijaza hadi mwisho inakwenda kama nusu dakika, kisha inaishiwa. Ndiyo maana filamu nzima ni ya vipande vifupi: fundo la kamba, buti, jicho, glasi ya bia. Kamera hiyo ina kelele na haikurekodi sauti, kwa hiyo kila neno na kila kishindo kimeingizwa baadaye. Midomo na maneno havipatani sawasawa. Usihangaike na rimoti, runinga yako ni nzima. Michirizi na kumetameta nako kunatokana na filamu kusafishwa kwa mkono na mwongozaji mwenyewe.

Tazama jinsi Martin anavyogawa samaki. Anawatia kwenye mfuko wa plastiki, anautundika kwenye kitasa cha mlango wa jirani, anakwenda zake. Hakuna anayeeleza chochote, nawe umeshaelewa kijiji kile kilikuwaje kabla ya wageni. Sasa tahadhari: picha yake ni ya uwiano wa 4:3, karibu mraba. Runinga ikiwekwa kwenye hali ya kujaza skrini nzima, itakata juu na chini, na humu mambo mengi hutokea pembezoni mwa fremu. Yaache yale mapande meusi ya kushoto na kulia.

Boiling Point (2021) ya Philip Barantini ni kinyume chake: haina mkato hata mmoja. Zaidi ya saa moja na nusu ndani ya mgahawa wa London, Ijumaa yenye shughuli nyingi kabla ya Krismasi, kamera ikizunguka kati ya jiko na meza. Ilipangwa irudiwe mara nane kwa usiku nne, lakini korona ikaingia Machi 2020 na zikapatikana nne tu. Tunayoiona ni ya tatu. Wanaofanya kazi jikoni wataipenda kwa sababu makosa yake ni ya kweli. Mkaguzi wa afya anaushusha mgahawa kutoka alama 5 hadi 3, na chanzo kikubwa ni karatasi ambazo mpishi mkuu aliacha kuzijaza. Kuna pia mpishi anayenawa mikono kwenye sinki la chakula. Baadaye, taarifa ya mteja mwenye mzio wa karanga na jamii zake inapita midomo kadhaa, nawe unaifuata kwa macho ikipungua uzito kila inapopokelewa. Hapo ndipo kutokata kunapolipa: ungekuwepo mkato mmoja, ungedhani umepitwa na kitu.

Kasoro yake ni kurundika. Deni, mhakiki wa chakula, mzio, ulevi, vyote usiku mmoja. Robo ya mwisho inasukumwa kwa bega. Washa manukuu, kwani Stephen Graham, anayeigiza mpishi mkuu, anazungumza kwa lafudhi ya upande wa Liverpool na watu watano husema kwa pamoja. Zima pia kile kipengele cha runinga cha kulainisha mwendo, maana hufanya kamera ya mkononi ionekane kama tamthilia ya mchana.

His House (2020) ya Remi Weekes ni ya kutisha, na imejibu swali linaloua filamu nyingi za nyumba zenye mashetani: kwa nini wenyeji hawahami? Bol na Rial wametoka Sudan Kusini, wanaomba hifadhi. Wamepewa nyumba na serikali kwa masharti kwamba hawafanyi kazi na hawahami. Mashetani wako ukutani, lakini sheria ndiyo iliyofunga mlango. Wunmi Mosaku, anayeigiza Rial, anaibeba filamu kwa utulivu kuliko kelele zote za kwenye dari. Mizimu ikishaonekana mwilini, hofu inapungua, kama kawaida ya aina hii. Iko Netflix, ambao waliinunua kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka huohuo wa 2020.

Rocks ya Sarah Gavron, iliyoanza kuonyeshwa matamasha mwaka 2019, inamfuata msichana wa London ambaye mama yake ameondoka na kuacha barua na pesa kidogo, naye ana mdogo wake wa kumtunza. Wasichana wengi hawakuwa waigizaji. Walikaa kwenye warsha na waandishi muda mrefu kabla ya kamera kuwashwa, na ndiyo maana utani wao una kasi ambayo haiandikiki mezani. Bukky Bakray, anayeigiza msichana huyo, alipata BAFTA, tuzo kuu ya filamu ya Uingereza, ya nyota chipukizi 2021, na aliistahili.

Aftersun (2022) ya Charlotte Wells wengi huisifu kwa machozi yao, wakasahau ufundi. Baba kijana na binti yake wa miaka 11 wako likizo Uturuki, na sehemu ya picha zimepigwa kwa kamera ndogo ya kanda ya miaka ya 1990. Kuna tukio moja linalostahili kutazamwa mara mbili. Binti anamrekodi baba, kamera imeunganishwa na runinga ya chumbani, na anamuuliza alipokuwa na miaka 11 alidhani angekuwa anafanya nini sasa. Baba anamwambia azime. Picha inatoweka, lakini fremu haikatwi: tunaendelea kuwaona wote wawili, hafifu, kwenye kioo cheusi cha runinga iliyozimwa. Ukitazama kwenye simu, au chumbani penye taa, huoni kitu hapo isipokuwa uso wako mwenyewe. Yapo pia matukio ya disko yenye mwanga wa kupepesa kwa nguvu, kwa hiyo mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga aepuke.

Upande wa filamu za hali halisi, zisizo na hadithi ya kubuni, For Sama (2019) ya Waad al-Kateab na Edward Watts ndiyo nzito kuliko zote nane. Ni miaka mitano ya vita katika mji wa Aleppo, Syria, iliyorekodiwa na mama kwa ajili ya binti yake, mume wake akiwa daktari wa hospitali inayopigwa mabomu. Inaruka mbele na nyuma kwenye wakati, hivyo weka simu mbali. Tukio la mtoto anayezaliwa bila kupumua halikatwi mapema, na wajawazito waonywe.

Grand Theft Hamlet (2024) ni ya waigizaji waliokosa kazi wakati wa marufuku ya kutoka nje mwaka 2021, wakaamua kuigiza Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, ndani ya mchezo wa video wa Grand Theft Auto. Filamu nzima imerekodiwa humohumo mchezoni. Usaili unakatizwa na mtu mwenye bunduki, wanakufa, wanafufuka, wanaendelea na mstari waliouacha. Kichekesho chake ni halisi. Mazungumzo ya faragha kati ya mume na mke, nao wakiwa katika sura za katuni, ndiyo yaliyonishinda kuyaamini. Yana harufu ya mazoezi.

The Nettle Dress (2023) ya Dylan Howitt ni ndogo na ya polepole. Msanii wa nguo anatumia miaka saba kutengeneza gauni moja kwa nyuzi za mmea unaowasha, jamaa ya upupu kwa muwasho tu, si kwa ukoo: anakata, anamenya, anasokota, anafuma. Katikati ya miaka hiyo mke wake anafariki, na gurudumu la kusokotea linaendelea kuzunguka. Sauti yake ni ya chini sana, kwa hiyo tumia spika za masikioni, na iweke usiku tofauti na ule wa For Sama.