Sado ya Mgandini na fungu la gengeni

Nilikuwa nanunua nyanya za fungu kwenye genge la mtaani kwetu, elfu moja kwa nyanya nne, na moja haikosi kubonyea. Sasa Jumamosi alfajiri naenda soko la Mgandini, hapa Tanga mjini, na kikapu changu cha ukindu. Mboga za Lushoto nazikuta bado mbichi, karoti zina udongo wake. Sado moja ya nyanya, kile kindoo kidogo cha kupimia, inanivusha wiki nzima. Zinazoiva sana nazisaga, nazigandisha.

Ila sado yoyote, soko lolote, igeuze kwanza: zipo zilizobonyezwa kitako. Muuzaji anune, asinune, mimi nageuza. Nazi nikichukua nne naomba nyongeza, napata ndimu mbili. Samaki? Hao nawafuata Deep Sea, soko la samaki, mnadani.