Waya wa joto, sponji ya mafundi AC na koki ya buku kumi na mbili: nimevijaribu Kitulo mwezi wa saba

Kikombe cha chujio cha pampu ya maji ninacho hapa mezani. Ni plastiki ya kuangaza, ukikitazama haraka huoni kasoro. Kiinue kwenye mwanga ndipo utauona ufa, mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye nyuzi za kufungia ukashuka hadi kitako. Ufa huo umenigharimu pampu nzima, maana dukani kikombe peke yake hawauzi. Ndio maana nimekaa kuandika kuhusu vitu vitatu nilivyonunua mwaka huu ili maji yasinigandie ndani ya gari.

Gari lenyewe ni Coaster. Nimeliendesha Mbeya–Kyela miaka kumi na moja likibeba abiria, mchele na mikungu ya ndizi, hadi likachoka, na mimi nikachoka kugombania nauli. Nikang'oa viti. Nikaweka vitanda viwili, jiko la gesi la plati mbili, sinki, tenki la lita 100 chini ya kitanda cha nyuma na pampu ndogo ya volti 12. Sasa nawapeleka wageni wanaotaka kulala huko juu Kitulo, na aliyekuwa konda wangu ndiye mpishi. Enzi za Kyela shida yetu ilikuwa joto. Dumu la maji likilala ndani ya gari, asubuhi unaoga bila kuchemsha. Kitulo ni habari nyingine. Uwanda ule uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti kuna alfajiri unaamka nyasi zote nyeupe pee kwa sakitu, ambayo sisi huku tunaiita tu barafu. Wengi wanaijua Kitulo ya maua, ile ya Desemba hadi Aprili. Wageni wangu likizo yao ni Julai, kwa hiyo wanakuja Julai, maua yawepo yasiwepo.

Tuanze na waya, kwa sababu ndio ulionila hela. Ni utepe mwembamba wa mita nne unaobanwa sambamba na bomba, unatumia betri ya gari, na una sensa ndogo mwishoni. Sensa ikihisi nyuzi 3 inawasha, joto likifika 13 inazima yenyewe. Nililipa shilingi 145,000 pamoja na kuagiziwa kutoka Dar. Kwenye boksi wamechora gari limezama kwenye theluji hadi madirishani, na ndani mama mmoja anaosha vyombo huku anacheka. Nikasema kama wa theluji wanacheka, mimi wa Kitulo nitashindwaje.

Fundi wa umeme aliufunga vizuri kwa macho. Sensa akaibana ndani ya gari, karibu na mfuniko wa injini. Nilipomuuliza akasema, "Mzee, huku haitapigwa matope." Nikaona ana akili. Hapo tulikosea wote wawili.

Tulipanda kwa njia ya Isyonje, tukapita Kikondo, jioni tukaegesha pembeni ya kijito kwa kuwa pale ni tambarare na maji yako karibu. Usiku ulikuwa hauna wingu hata moja. Saa kumi na moja alfajiri kipimajoto nilichokining'iniza kwenye kioo cha pembeni kilisoma nyuzi 3 chini ya sifuri. Konda akafungua bomba la sinki apike chai. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Nikashuka na tochi, nikalala chali chini ya bodi, nikashika ule waya wa laki na nusu: baridi kama nyoka. Ndani, sensa ilikuwa imekaa raha mustarehe. Injini ilipanda mlima mchana kutwa, na usiku watu wanne wanapumua pale pale. Yenyewe ilijua tuko Kyela.

Basi tukachemsha maji ya kwenye madumu, tukanywa chai, tukajua jua likitoka mambo yatakwisha. Ndiyo kwanza yalianza. Bomba lililopasuka kwa baridi halivuji likiwa limeganda, kwa sababu barafu yenyewe ndiyo kizibo. Saa tatu asubuhi jua lilipoupiga ubavu wa gari nikasikia pampu inanguruma bila kukoma na hakuna aliyefungua maji. Kuinua godoro la nyuma, limelowa nusu nzima. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na kile kikombe cha chujio ni plastiki kavu, kimejaa pomoni, hakina pa kutanukia. Hosi laini ya kutoka kwenye tenki haikupata hata mkwaruzo, ilivutika ikarudi. Kilichopasuka ni kile kigumu. Elbo ya shaba chini ya sinki nayo ilikuwa imeanza kutoa jasho.

Tukiwa tunaanika godoro akapita kijana wa bodaboda na madumu ya maziwa. Akasimama. "Shikamoo mzee. Mmelala hapa?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka kwa adabu, akasema hapo hata ng'ombe hawalazwi, tungesogea pale juu kwenye mteremko. Nikaona ananichezea, juu si ndiko kwenye baridi? Usiku wa pili nikasogea kama mita mia tatu hivi kupanda, si mbali. Kipimajoto kikasoma nyuzi 1 juu ya sifuri. Hewa ya baridi ni nzito, usiku mtulivu usio na wingu inateremka kama maji na kujaa bondeni. Mimi niliegesha ndani ya beseni lake. Ushauri huo ulikuwa bure, na sijanunua kitu kilichoushinda.

Nirudi kwenye waya, nisiuonee. Safari iliyofuata nilihamisha sensa mwenyewe. Nikaifunga kwa tepu juu ya bomba lenyewe, chini ya gari, upande unaopigwa na upepo, nikaizungushia nailoni dhidi ya matope. Ukawaka. Ukishika unasikia uvuguvugu kama wa kikombe cha chai kilichosahaulika, na alfajiri maji yakatoka. Taa hazikuwaka. Konda akaniambia, "Bosi, maji tumepata, giza limebaki." Nikachukua kalamu, hesabu ambayo ningeifanya dukani. Waya wangu ni wati 60. Kwa volti 12 hiyo ni ampia 5. Usiku wa saa kumi, ukiwaka mfululizo, unakula ampia-saa 50, na betri yangu ni N100, yaani ya ampia-saa 100, ambayo ukitaka ikae miaka hupaswi kuishusha chini ya nusu. Yaani waya peke yake unamaliza haki yote ya betri, kabla ya taa, pampu na simu za wageni. Na betri ya asidi ikipigwa baridi inapungua nguvu zaidi. Sola huko juu Julai inarudisha vizuri mchana kukiwa na jua. Ukungu ukikaa hadi mchana, pole yako.

Kwa hiyo waya unafanya kazi, hauna uongo. Nyota tatu kati ya tano. Ila dukani hakuna aliyeniuliza nina betri gani, na karatasi ya ndani haina hata mchoro wa kuonyesha sensa ikae wapi. Anayelala kwenye umeme wa kuchomeka ataupa tano.

Sponji sasa. Hii ni ile mirija myeusi ambayo mafundi wa AC huvisha mabomba ya shaba, unaipata hapa hapa mjini, mimi nilinunua shilingi 4,000 kwa mrija wa karibu mita mbili. Nilitumia mirija mitano. Usiwe na haraka nayo. Wengi wanaipasua kwa wembe, wanaivisha kwenye bomba, wanafunga kamba mbili tatu, basi. Ule mpasuko ukibaki wazi umevaa koti bila vifungo. Gundi mpasuko wote, kisha zungusha tepu. Kwenye elbo usipinde sponji kwa nguvu, itafinyika na kubaki nyembamba kule kule panapohitaji unene. Kata vipande viwili kwa nyuzi 45 uviunganishe kama fremu ya picha. Na ifunike. Sponji iliyonyonya tope la barabarani haizuii kitu, ni kitambaa kibichi umemvika mgonjwa. Mimi niliiingiza ndani ya hosipaipu pana niliyoipasua kwa urefu, nikabana kwa klipu.

Msitegemee ilete joto, haileti. Inachelewesha tu lile lililomo kwenye maji lisitoke upesi. Lakini Kitulo si Kanada, baridi kali ni saa chache kabla ya jua kuchomoza, na kuchelewesha ndiko ninakokutaka. Baada ya sponji waya ukawa unawaka na kuzima, sio kuwaka usiku kucha, na taa zangu zikarudi. Nyota tano bila kusita.

Koki ni ya shilingi 12,000, ya kawaida ya kugeuza robo mzunguko. Niliifunga sehemu ya chini kabisa ya mfumo. Kabla ya kulala tunazima pampu, tunafungua koki na mabomba yote ya ndani, maji ya kwenye njia yanashuka ndooni, ya tenki yanabaki tenkini. Lita 100 kwa pamoja, tena ndani ya gari chini ya kitanda cha mtu, hazigandi kwa usiku mmoja wa kwetu. Kinachobaki kwenye kona nakisukuma kwa pampu ya kujazia tairi, taratibu, sizidishi psi 30. Kile kikombe kipya cha chujio nakifungua kwa mkono nakimwaga, dakika moja. Bomba tupu halina cha kuganda. Kuna siku nne za Agosti sikuwasha waya kabisa.

Kuna mtu atasema atie kuleni ya rejeta kwenye njia ya maji. Ile ni sumu, usithubutu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wakilaza magari yao kwa baridi huzungusha dawa ya propilini glaikoli iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na wakirudi wanaisuuza kabla ya kunywa. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari kwa kisingizio cha kupasha mabomba joto. Moshi wake usioonekana haubishi hodi. Sisi tunaacha milango ya makabati ya sinki wazi ili joto la watu lifike kwenye mabomba, na linatosha.

Gesi nayo ilinichezea: alfajiri moto mdogo wa bluu unasinzia kwa sababu mtungi ulilala nje. Ndani ya mtungi kuna butani, na butani ikikaribia sifuri inagoma kugeuka hewa. Konda akauvika mtungi koti lake.

Pampu mpya nilishaifunga. Ya zamani mota yake nzima, inazunguka vizuri kabisa. Mwenye kujua duka la Mbeya au Makambako linalouza kikombe cha chujio peke yake, cha nyuzi za nusu inchi, aniambie, nimeuweka mwili wa pampu kwenye boksi la yule mama anayecheka.