Tahadhari Mbeya na Nyanda za Juu Kusini: muuza spika anayekuja nyumbani na kuondoka na amplifaya yako ya zamani

Ndugu zangu wa Mbeya, nanyi wa Songwe, Njombe na Iringa mnaopenda muziki wa nyumbani, naomba msome hadi mwisho. Kuna kijana anazunguka na gari dogo, hana duka, anauza amplifaya na spika zile ndefu za kusimama chini, na anakubali kuchukua mashine yako ya zamani iwe sehemu ya malipo. Mimi alinipata mwezi wa sita. Nimepoteza shilingi 650,000 na amplifaya ya marehemu baba. Hela nitatafuta. Hiyo amplifaya ndiyo inayoninyima usingizi.

Namba yake siiweki, maana anabadilisha laini kila mara, na ukikariri namba moja utadhani mwenye namba nyingine ni mtu mwingine. Kariri mtindo wake.

Nilimwona kwanza kwenye stetasi ya mtu tuliyeko naye kundi moja la kuuziana vitu. Picha nzuri, maneno machache: mzigo umekwama mpakani Tunduma, ulikuwa unakwenda hotelini Lusaka, mteja kashindwa kumalizia, unatolewa kwa bei ya kutupa. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Tanzam tunaona malori ya Zambia usiku na mchana, kwa hiyo hadithi kama hiyo inaingia kichwani bila kubisha hodi. Baadaye nimekuja kujua kuwa ni utapeli mkongwe. Marekani ulikuwepo tangu miaka ya 1980, na Uingereza nako ukafika: watu wawili ndani ya gari jeupe la mizigo wanakusimamisha kwenye maegesho, wanakwambia stoo imekosea ikawapakilia spika za ziada, wanakuuzia takataka kwa bei ya dhahabu. Hapa kwetu stoo imegeuzwa kuwa mpaka.

Niwaeleze tulichokuwa nacho, ili mwelewe alichokifuata. Baba alikuwa seremala. Alituachia amplifaya ya Kijapani ya wati 40 kila upande, na spika mbili za maboksi ya mbao zenye wufa (spika za besi) za inchi nane. Kichwa cha voliumu, kile cha kuzungusha, kilivunjika nikiwa darasa la nne. Hakwenda dukani. Alikata kipande cha mninga, akakichonga duara, akakisugua kwa msasa mpaka kikawa laini kama kokoto ya mtoni, akakipaka vanishi na kukichomeka mahali pake. Kwa miaka yote aliyokitumia, kidole gumba chake kilikula vanishi upande mmoja, pakabaki alama ya mviringo yenye rangi hafifu. Jumapili asubuhi, baridi ya Mbeya ikiwa bado imekaa madirishani, tulikuwa tunaamshwa na kanda zake za kwaya.

Siku za karibuni ilikuwa inasumbua. Ukizungusha voliumu inakwaruza, upande wa kushoto unakatika, besi imepungua. Nikasema niboreshe, mama asikie vizuri. Nikamwandikia yule kijana.

Alifika kwetu Ilomba saa kumi jioni, yeye na mwenzake. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama kwa heshima, akanywa chai. Akasema, “Kaka, tuanze kusikiliza ya kwenu, nisije nikaambiwa nimewadanganya.” Akaenda nyuma ya kabati, akasema nyaya zimelegea, akazikaza. Nikaweka wimbo. Jamani, besi haikuwepo kabisa! Sauti ilikuwa nyembamba na haijulikani inatokea wapi, kama redio ndogo iliyofungiwa ndani ya sufuria. Nikaona aibu mbele ya wageni. Kisha akaunganisha ya kwake, akachomeka flashi yake, akapandisha sauti juu kuliko tulivyopiga ya kwetu. Vikombe vikatetemeka. Mama mwenyewe akasema hii kweli inatikisa.

“Ya kwenu ni wati 40, hii ni 2,800,” akaniambia. Bei ilianzia 1,400,000, ikashuka hadi 850,000. Kwa amplifaya ya baba akapunguza 200,000, “kwa kukuonea huruma tu, hizi siku hizi ni chuma chakavu.” Spika za baba akazikataa, eti sponji zimeoza. Nikaomba nifikirie hadi kesho, akasema gari linarudi Tunduma usiku uleule. Nilipotuma hela, jina lililotokea kwenye simu halikuwa lile alilojitambulisha nalo. Akasema ni la shemeji yake. Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Sikusimama. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuwa nayo, aliniachia karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja yenye mhuri mkubwa, haina jina la mtaa wala sanduku la posta.

Siku ya tatu, wimbo ukiwa katikati, sauti ilikatika na sebule ikajaa harufu ya plastiki inayoungua.

Niliipeleka kwa fundi mmoja Mwanjelwa, mzee wa kazi hii. Alifungua skrubu za kifuniko, akainamia ndani, akanyamaza. Kisha akanigeuzia nione. Upande ambao transfoma kubwa inapaswa kukaa palikuwa na kipande cha zege. Zege, ndugu zangu. Kimefungwa nailoni nyeusi na kugandishwa na gundi kwenye sakafu ya boksi, ili ukiinua uhisi uzito na kusema hii ni mashine. Fundi alikichomoa, tukakiweka kwenye mizani ya jirani anayeuza misumari: kilo mbili na robo. Transfoma halisi ilikuwa inaenea kiganjani, imeandikwa volti 12-0-12, ampia 2. Ukizidisha, volti 24 kwa ampia 2 ni wati 48, na hapo hujatoa zinazopotea kwa joto. Bodi ilikuwa na IC (chipu za kukuza sauti) mbili tu za TDA2030, ambazo kiwandani zinahesabiwa wati kama 14 kila moja kwenye spika ya omu 4. Maana yake, ile “2,800” ilikuwa chini ya nusu ya amplifaya ya baba.

Nguzo za spika ndizo zilizonikasirisha zaidi. Kwa mbele kila moja ina matundu manne: wufa mbili, midi moja ya sauti za kati, twita moja ya sauti nyembamba. Fundi alizifungua moja baada ya nyingine. Wufa ya chini ilikuwa karatasi iliyogandishwa kwenye fremu ya plastiki, nyuma yake hakuna sumaku wala waya. Midi hivyohivyo. Twita ilikuwa kifuniko kitupu kilichopakwa rangi ya fedha. Inayolia ni moja tu, na sumaku yake ilivalishwa pete nene ya mpira ionekane kubwa. Mpira ulipovuliwa, sumaku ilikuwa na upana wa kifuniko cha chupa ya chai.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: “Ya mzee mlipoisikiliza siku ile, besi ilipotea ghafla au ilikuwa hivyo tangu zamani?” Nikamwambia ilikuwa imepungua, lakini siku ile ilipotea kabisa. Akaniambia nenda nyumbani kaangalie nyaya nyuma ya spika za zamani, usiziguse. Nilikwenda. Spika ya kulia, waya wenye mstari mweupe ulikuwa umebanwa kwenye nyeusi, kama baba alivyoziacha. Ya kushoto, mstari mweupe ulikuwa kwenye nyekundu.

Fundi alinionyesha maana yake kwa betri ndogo ya volti 1.5. Ukigusisha chanya ya betri kwenye nyekundu na hasi kwenye nyeusi, karatasi ya wufa inaruka mbele. Ukigeuza, inarudi nyuma. Spika mbili zikigeuziana hivyo, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi zinauana katikati ya chumba. Hakuna kinachoharibika, hakuna kinachoungua, ila mashine nzima inasikika kama mgonjwa. Kumbe yule kijana hakukaza nyaya. Aligeuza moja, ili mimi kwa masikio yangu mwenyewe niidharau mali ya baba yangu.

Ndiyo sababu naandika. Wengi wataona hii ni habari ya kuuziwa spika feki, lakini biashara yake kubwa ni ile anayoondoka nayo. Amplifaya za zamani za Kijapani zina transfoma za kweli, zinatengenezeka, na zina wanunuzi. Mtu akija kwako akaitukana mashine ya zamani huku akikubali kuibeba, jiulize anaibeba ya nini.

Kuhusu wati, maana ndiko wengi wetu tunakonaswa. Namba kubwa za mbele mara nyingi huandikwa PMPO, ambayo haina kipimo kimoja kinachokubalika. Kila mwuzaji anaandika anachotaka. Tafuta RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo. Kama haipo, geuza nyuma usome matumizi ya umeme. Yangu kwa nyuma, kwa maandishi madogo, ilisema 60W. Mashine inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kukutolea hata 60 kamili kwenye spika, sembuse 2,800. Tena hata wati za kweli si kama tunavyodhani: kutoka 40 hadi 80 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia kidogo. Ili sikio lisikie sauti maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Na sauti iliyopandishwa kidogo tu kuliko nyingine, sikio huiona nzuri zaidi, ndiyo maana ya kwake aliipiga juu. Mkilinganisha mashine mbili, sauti ziwe sawa, wimbo uwe wako, na nyaya uunganishe wewe.

Kama muuzaji hataki kifuniko kifunguliwe mbele ya fundi wako, muache aende zake. Skrubu hizo hazichukui dakika tano. Spika nazo zibonyeze taratibu kwa vidole karibu na katikati: yenye uhai inakubali kuingia na kurudi, ya maonyesho imekakamaa au inabonyea kama boksi. Kwa wanaonunua mtumba halisi wa Japani, someni kibao cha nyuma. Kule umeme ni volti 100, kwetu 230. Mezani kwa fundi wangu palikuwa na amplifaya nzuri sana ya huko, plagi yake ya pini mbili bapa imeunganishiwa adapta, mwenye nayo akaichomeka ukutani moja kwa moja. Transfoma yote imeungua. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, haishushi umeme. Hapo inatakiwa transfoma ya kushusha volti.

Na ile ya baba ilihitaji nini? Nilimuuliza fundi, ingawa nilijua jibu litaniuma. Voliumu inayokwaruza ni vumbi, inasafishwa kwa dawa ya kupuliza. Upande unaokatika mara nyingi ni swichi iliyochafuka au solda iliyopasuka. Sponji za pembeni ya wufa huoza kwa umri, zinabandikwa mpya. Kazi yote alinihesabia shilingi 60,000. Spika nimempa, ameshabandika, zinangoja. Aliniambia pia nizitoe kwenye kona zilikokuwa zimebanwa, nizisogeze mbele ya ukuta, twita ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa, na sakafuni niweke zulia. Hilo halina gharama.

Nimefungua RB (taarifa ya tukio) polisi, na nimepeleka ile karatasi ya dhamana na picha za zege kwenye ofisi ya kanda ya Tume ya Ushindani, FCC, hapa Mbeya, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Waliniuliza risiti. Sina. Ushahidi nilionao ni ujumbe wa muamala na maongezi ya WhatsApp, kwa hiyo nawaomba kama mmewahi kuuziwa na mtu huyu msifute chochote, njooni tuunganishe malalamiko. Mmoja tayari kanitafuta kutoka Mbalizi, naye aliondokewa na amplifaya ya mjomba wake kwa njia hiyohiyo, hata chai yule kijana alikunywa.

Wiki moja baada ya tukio, binamu yangu aliona tangazo jipya, namba nyingine: “Mjapani original, sauti ya kizamani, 450,000.” Nilipanua picha kwenye simu. Kichwa cha voliumu ni cha mninga, na upande wa kushoto ile alama ya kidole gumba inaonekana. Binamu alipoulizia akajibiwa imeshauzwa, imekwenda Makambako.

Aliyeinunua simlaumu, hakujua. Kama uko Makambako, Njombe, Mafinga au Iringa mjini, na umenunua au umeona amplifaya ya rangi ya fedha yenye kichwa cha voliumu cha mbao, naomba uniandikie. Nitakurudishia hela uliyotoa, na nauli nitalipa mimi.