Mafunzo ya wajasiriamali wa kijamii Kigoma: kilichonifaa kilikuwa mwaloni, si ukumbini

Nimemaliza programu ya kuwalea wajasiriamali wa kijamii iliyofanyika hapa Kigoma mjini. Wengi mmeniuliza kama inafaa kuomba nafasi. Jibu langu ni ndiyo, ila kwa sababu ya ulezi, yaani mtu mzoefu wa biashara kukushika mkono, zaidi kuliko masomo.

Biashara yetu ni dagaa. Tunachukua mzigo kwa akina mama wa mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanaoanika kwenye vichanja badala ya mchangani, tunawapa bei nzuri kuliko ya walanguzi, tunafungasha na kusafirisha Dar es Salaam. Lengo ni kipato cha hao mama, na ndiyo maana semina ya kawaida ya ujasiriamali isingenitosha.

Ukumbini, somo la usajili lilikuwa zuri sana. Tanzania haina sheria ya pekee kwa biashara za kijamii, kwa hiyo unachagua: kampuni kupitia BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), ushirika, au shirika chini ya Sheria ya NGO ya mwaka 2002. Ukisajili NGO, faida haigawanywi, kwa hiyo anayetafuta mwekezaji aamue hilo mapema. Mengine yalinichosha. Muda mwingi mno ulikwenda kwenye kujifunza kujinadi mbele ya wawekezaji, na mifano karibu yote ilikuwa ya programu za simu za Nairobi. Mwenzetu anayekamua mawese aliuliza atoke vipi kwenye mashine ya mkono, na hakupata jibu. Kwa mafunzo yanayofanyika Kigoma, hilo ni pungufu kubwa.

Mlezi niliyepangiwa ni mama aliyefanya biashara ya mazao miaka mingi. Hakutaka kuona andiko la biashara kwanza. Alikuja Kibirizi asubuhi vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinaporudi, akaomba mizani. Tukapima beseni la dagaa wabichi, wakaanikwa, tukapima tena walipokauka. Uzito ulibaki kama robo. Akamwangalia mama mwenye kichanja, akanigeukia:

"Dada, huyu analipwa lini?"

Mzigo ukishauzwa Dar, nikamjibu, maana ndivyo mwalo mzima unavyokwenda.

"Na wabichi kanunua kwa taslimu alfajiri?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mtaji wenu anaubeba yeye."

Kutoka hapo tukachora kalenda ya fedha ya mwaka mzima. Tukaweka siku za mbalamwezi, ambazo taa hazivuti dagaa na wavuvi wengi hawatoki. Tukaweka miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, ambayo kichanja bila turubai ni hasara tupu. Tukaweka na kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu hiyo, na ada za shule hazisubiri. Mpango wetu wa kukua ukageuka. Badala ya kukimbilia kuongeza wanachama, kwanza tunatafuta fedha ya kuwalipa papo hapo na stoo kavu ya kuhifadhi mzigo wa kuuza ziwa likifungwa.

Mlezi huyohuyo alikaa na akina mama wakaandika katiba ya kikundi na kufungua akaunti, ili waombe mkopo wa halmashauri usio na riba. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ina 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Wengi mwaloni walikuwa wakiisikia redioni tu.

Kinachoniuma ni kwamba ulezi ulianza masomo yakiwa yanakaribia kwisha, kisha ukakatika programu ilipofungwa, wakati ndiyo kwanza tunauhitaji. Waandaaji wangeanzia mwaloni na shambani, halafu ndiyo watuite ukumbini.

Masomo hayana ada, ila nauli ni yako. Anayetoka Kasulu au Kibondo ajipange kwa hilo. Na kabla ya kujaza fomu, uliza mlezi atakutembelea mara ngapi, na kama amewahi kuuza kitu kinachooza.